Tunu ya Sarafu

Kabla adhana ya alfajiri haijamalizika na taa za barabarani hazijazimwa, malori yatokayo Muheza huwa yamekwisha kuwasili Buguruni, nayo husimama kando ya njia yakihema kama punda wa safari ndefu, huku vijana wakiyapanda na kuanza kushusha shehena ile ya kijani ambayo mgeni wa nchi za baridi haiiti machungwa mpaka aapiwe. Chungwa la kwetu huiva likiwa kijani. Ganda lake hungoja ubaridi wa usiku ili liivue rangi ya majani na kuvaa ya dhahabu, na usiku wa Muheza, kama ulivyo usiku wa Dar es Salaam, hauna ubaridi wa kutosha kwa kazi hiyo. Basi tunda huwa limekwisha kuwa tamu ndani, ilhali nje limebaki na mavazi yake ya utotoni. Nimepata kumwona mtu aliyetoka ng'ambo akilirudisha tengani kwa kudhani ni bichi, na mwenye mali, pasipo kubishana naye, akalikata mbele yake akamwonjesha, na mgeni yule hakuondoka mpaka amekula matatu.

Kibaraza changu kiko mwendo mfupi kutoka pale Barabara ya Mandela inapokutana na ile ya Uhuru, mahali ambapo magari hayana usingizi, na mtu mwenye kutaka kutafakari hana budi kujizoeza kutafakari katikati ya honi. Kila siku, jua likiwa bado changa, hupita hapo kijana mmoja akisukuma baiskeli iliyofungwa tenga nyuma, na machungwa yamepangwa humo kwa unadhifu wa mtu apangaye vyombo vya harusi, ya juu yakiwa yamemenywa tayari kwa wapita njia. Huniamkia shikamoo, nami humjibu marahaba, mwanangu. Kisha huniuliza kama leo mzee atakula moja au mawili, swali ambalo jibu lake twalijua sote wawili, kwa kuwa tangu tufahamiane sijapata kula mawili. Yaliyokwisha kumenywa hanipi. Husema la mzee humenywa mbele ya mzee.

Kisu chake kimeliwa na tupa hata kimebaki chembamba kama ukuti. Hukiegemeza penye kikonyo, akalizungusha tunda na si kisu, na ganda likashuka kama utepe mmoja mrefu usiokatika, huku vumbi jepesi la mafuta yake likiruka hewani na harufu ile ikiushinda, kwa muda wa pumzi mbili tatu, moshi wa magari yote ya Buguruni. Ule utando mweupe uliopo chini ya ganda hauondoi, kwa maana ndio ushikao maji yasivuje; hukata kofia ndogo juu, akanipa. Nami hufanya wafanyavyo watu wote wa mji huu: hulikamua kwa viganja, nikanyonya maji kupitia tundu lile, kisha hulipasua, nikatafuna kidogo, na makapi nikayatema. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hivyo ndivyo tunda hili linavyoliwa, na kwamba kila kilichokuwa na thamani ndani yake kilikuwa kimekwisha kupita kooni. Nitayarudia makapi hayo baadaye, kwa kuwa nina deni nayo.

Mintarafu ya kilichomo ndani ya chungwa, wajuzi wa lishe wamekwisha kupima na kuandika. Gramu 100 za nyama yake zina maji gramu 87 hivi, sukari ya asili kama gramu 9, nyuzinyuzi zaidi kidogo ya gramu 2, madini ya potasiamu karibu miligramu 180, kiasi cha ile vitamini ijulikanayo kwa jina la foleti ambayo mama mjamzito huihitaji mno, na vitamini C miligramu 53 au kadiri hiyo. Limau halipungui hapo. Ndimu na chenza zina kama nusu yake tu. Na furungu, lile jitu la ukoo huu lenye ganda nene kama godoro, hulishinda chungwa lenyewe. Si tarakimu za kutisha. Pera la uani, ambalo watoto huliiba bila kukaripiwa sana, lina vitamini C kadiri ya mara nne ya ile ya chungwa, hata mtu akitaka kulivua chungwa taji lake la ufalme aweza kufanya hivyo kwa hesabu peke yake, asihitaji matusi. Lakini haja ya mwili nayo ni ndogo. Shirika la Afya Duniani, pamoja na lile la Chakula na Kilimo, yamekadiria kwamba mtu mzima hutosheka na miligramu 45 za vitamini hiyo kwa siku, mjamzito 55, na mama anyonyeshaye 70. Hivyo chungwa moja la wastani humlipia mtu mzima haja yake ya kutwa na mara nyingi likambakishia chenji. Ndiyo sababu jibu langu kwa yule kijana ni moja kila siku, ijapokuwa yeye aghalabu hulidhania kuwa ubahili wa uzee.

Jambo linishangazalo kuliko tarakimu hizo ni kwamba mimi nalihitaji chungwa na mbuzi wa jirani yangu halihitaji. Mbuzi huyo, ambaye chakula chake ni maganda ya ndizi, maboksi, na mara moja kilemba changu, hujitengenezea vitamini C katika ini lake mwenyewe kutokana na sukari ya kawaida iliyo mwilini, kama afanyavyo ng'ombe, mbwa, na paka. Sisi wanadamu, pamoja na jamaa wa nyani, simbilisi, na baadhi ya popo walao matunda, tumekosa chombo kimoja kidogo katika mlolongo wa kazi hiyo, na kwa kukikosa tumefanywa watumwa wa miti. Na mwili, usioweza kuitengeneza, hauwezi pia kuiweka akiba ya muda mrefu. Mtu aliyeshiba vizuri akikatiwa kabisa matunda na mboga hukaa mwezi mmoja, miwili, au mitatu, kisha madeni huanza kudaiwa. Vitamini hiyo ndiyo ishikizayo nyuzi zinazounganisha ngozi, mishipa ya damu, mifupa, na fizi. Ikitoweka, gundi ya mwili huyeyuka, fizi huvimba na kuchuruzika damu, meno hulegea, na vidonda vilivyopona zamani huweza kufumuka upya. Ugonjwa huo Waswahili wamekuwa na jina lake tangu zama: ni kiseyeye.

Nikumbuke jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika shule moja ya bweni, tulikula ugali na maharage muhula mzima, asubuhi uji, na matunda tukiyaona kwa macho tu ng'ambo ya ua. Muhula wa pili ulipokaribia mwisho fizi zangu zilianza kuacha damu juu ya mswaki, na uchovu ukanikalia magotini kama mzee. Mganga wa zahanati ya kijiji, mtu mpole asiyepoteza maneno, alinifungua kinywa, akakifunga, asinipe kidonge wala sindano, ila aliniambia, "Mwanangu, nenda kwa bibi yule mwenye mlimau, mwambie nimekutuma." Nilikwenda siku kumi na mbili. Fizi zikanyamaza. Chakula cha shule hakikubadilika hata chembe, na yule bibi alipata wageni wengi muhula ule.

Wala si bibi huyo peke yake aliyepata kumtibu mgeni kwa mlimau wa uani; watu wa pwani walimtangulia. Ukoo huu wa matunda asili yake ni Mashariki ya mbali, na ulitufikia kwa njia ya bahari, hatua kwa hatua, ndani ya majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi. Al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad aliyepata kuijia pwani yetu kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 10, ameandika kwamba machungwa yalitoka India baada ya mwaka 300 wa Hijra, yakapandwa kwanza Omani, kisha yakapelekwa Basra na Iraki na Shamu, na kwamba katika kuhama huko yalipoteza sehemu ya harufu nzuri yaliyokuwa nayo kwao. Ibn Battuta, alipopita Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali pamoja na achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe, na alipofika Mombasa aliitaja milimau miongoni mwa miti ya watu wa mji huo. Lenye kunipendeza katika habari hiyo ni kwamba limau halikuwa katika chupa ya tabibu. Lilikuwa kando ya sahani ya wali, mahali pake pa leo, na watu walikuwa wakilila bila kujua kwamba wanajikinga na kitu chochote.

Walikuja kulijua hilo watu wengine, kwa taabu kubwa. Mnamo Januari 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika mto wa nchi ambayo leo ni Msumbiji, na mmoja wa wasafiri hao aliyeandika kumbukumbu za safari ameeleza jinsi mikono na miguu ya mabaharia ilivyovimba, na fizi zao zikakua hata zikafunika meno wasiweze kula. Mwezi wa Aprili, tarehe 7, wakafika nje ya bandari ya Mombasa. Mfalme wa Mombasa, ambaye hakuwa na sababu ya kuwapenda na punde tu wakawa maadui, aliwapelekea hata hivyo masurufu kama ilivyo ada ya waungwana: kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapata ashekali. Mwandishi wa kumbukumbu alimshukuru Mungu, akasema hewa ya mji ule ni njema sana.

Hewa! Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara hucheka pale pale, maana hewa ya Mombasa naijua. Ni njema kweli, lakini haijapata kumrudishia mtu fizi zake. Hata hivyo mabaharia wale hawakuwa wajinga, na mwili una kumbukumbu kuliko karatasi. Waliporudi kutoka India, upepo ukawakataa, wakakaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu, kiseyeye kikawarudia, wakafa watu 30 juu ya wale waliokwisha kufa hapo kabla, hata ndani ya kila merikebu wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Mnamo Januari 7, 1499, wakatia nanga Malindi. Na walichomtuma mtu pwani akilete, mwandishi ametuandikia waziwazi, kilikuwa machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi yalikuja yamechelewa, wakazikwa huko. Na merikebu mojawapo ikateketezwa kwa moto muda mfupi baadaye, kwa kukosa mikono ya kuiendesha.

Basi yaweza kusemwa kwamba miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambapo Mzungu ameandika kwamba mgonjwa wa kiseyeye alitaka chungwa, mojawapo ni ufuko wa Malindi, na aliyempa ni Mswahili. Lakini elimu hiyo ilipotea njiani kuelekea kwao. Ilipita karibu miaka 250 mpaka tabibu wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, James Lind, alipowatwaa mabaharia 12 wenye ugonjwa huo mwezi wa Mei 1747, akawagawa wawili wawili, akawapa wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine tindikali, na wawili wenye bahati machungwa mawili na limau moja kila siku. Na kabla ya juma kwisha mmoja wa wawili hao alikuwa anafaa kurudi kazini na mwenzake anawauguza waliobaki. Wakubwa wa jeshi la maji walikaa na habari hiyo mpaka mwaka 1795 ndipo wakaamrisha maji ya malimau yagawiwe merikebuni. Na baada ya hayo yote, katika karne iliyofuata, wakayaacha malimau wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi, ambazo vitamini yake ni nusu, wakazikamua, wakayaweka maji yake siku nyingi, wakayapitisha katika mabomba ya shaba yaliyozidi kuyadhoofisha. Na msafara wao wa Ncha ya Kaskazini wa mwaka 1875 ukapigwa na kiseyeye ilhali dawa imo ndani ya pipa. Kitu chenyewe kilichokuwa kikitafutwa muda wote huo kilitambuliwa katika miaka ya 1930, wakati Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipokitoa kwa wingi, si ndani ya chungwa, bali ndani ya pilipili hoho za mji wake wa Szeged, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Mama auzaye hoho karibu na yule kijana wangu wa machungwa hana habari, lakini ana haki ya kujisifu kidogo.

Nimekaa na habari za wafalme na manowari kupita kiasi, ilhali jambo kubwa zaidi hutendeka mchana kwenye benchi la mama lishe. Hapo fundi wa gereji, utingo wa daladala, na mpagazi wa sokoni huketi bega kwa bega mbele ya ugali au wali, maharage, mchicha au matembele, dagaa pengine, na pembeni mwa sahani kipande cha ndimu. Kipande hicho hakuna akihesabuye kuwa chakula. Mama hukiweka kwa ajili ya ladha, na mlaji hukikamua kwa mazoea, akakitupa. Lakini maharage na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo ndiyo damu huundwa nayo, na chuma hicho cha mimea ni kikaidi; mwili ukiachiwa peke yake huchukua sehemu ndogo tu, nyingine ikapita na kwenda zake. Uchachu wa ndimu na vitamini yake hukigeuza chuma hicho kikawa cha namna ambayo utumbo waweza kukipokea, nao hukilinda kisishikwe na vitu vingine vilivyomo chakulani. Hivyo kwa mwanamke mjamzito, au msichana aliyevunja ungo, ambao damu zao hupungua upesi, kipande kile cha pembeni chaweza kuwa ndicho kinachoamua kama mchicha ule ameula kweli au ameupitisha tu.

Hapa nina neno na watu wa mji wangu. Tuna desturi ya kumalizia mlo kwa kikombe cha chai ya rangi, tena kali; na chai ina vitu vyenye ukakasi ambavyo hukikamata chuma kile kile na kukinyima mwili. Mkono mmoja unakamua ndimu, mkono mwingine unamimina chai. Tunajenga na kubomoa katika mlo mmoja. Sisemi watu waache chai, maana hata mimi sitaiacha. Nasema chai ingojee saa moja, na nafasi yake baada ya chakula ipewe chungwa.

Ndimu ina fadhila nyingine ambayo mji huu una sababu ya kuitafakari. Katika Guinea-Bissau, huko Afrika Magharibi, kipindupindu kilipoingia miaka ya 1990, watafiti waliwauliza waliougua na waliosalimika jinsi walivyokuwa wakila, wakakuta kwamba waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wa wali walipatwa kidogo kuliko wasiotia. Na walipojaribu maabara waliona kwamba uchachu ule huwazuia vijidudu wa ugonjwa huo wasistawi ndani ya chakula. Sisi tuliokuwa hapa Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni kikazagaa mkoani na hata nje yake, twakumbuka jinsi vibanda vya chakula vilivyofungwa. Sitaki mtu asome maneno haya akaacha kuchemsha maji au kunawa mikono, maana ndimu haikuumbwa kuwa naibu wa choo. Lakini bibi zetu waliomkanya mtoto asile samaki asiyetiwa ndimu walikuwa na hoja kubwa kuliko shombo.

Sasa nifike kwenye lawama, kwa sababu sifa zikizidi hugeuka kuwa hasara, na Waswahili walikwisha kunena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo katika habari ya machungwa si fumbo hata kidogo. Tumelisifu tunda mpaka tumelitafutia bilauri, na ndani ya bilauri hiyo huingia maji mengi, sukari nyingi, na kwa mkono wa wengine rangi. Kisha huitwa juisi, na mzazi humpa mtoto kwa nia njema kabisa. Hata iliyo safi, isiyotiwa kitu, imekwisha kuacha nyuzinyuzi zake katika chujio, na humfanya mtu anywe kwa mkupuo sukari ya machungwa manne ambayo asingeyala kwa kikao kimoja; na ikilazwa mpaka kesho mezani, vitamini yake hupungua saa baada ya saa, kama walivyojifunza wale wenye mabomba ya shaba.

Mwaka 2020, gonjwa la Uviko lilipoingia nchini, mji mzima ulinuka malimau, tangawizi na mvuke wa majani. Watu walijifukiza chini ya mablanketi, na ndimu, iliyokuwa ikitolewa bure juu ya mfuko wa nyanya, ikapanda bei mpaka ikauzwa kwa kuhesabiwa. Sikuwacheka, maana hofu ni hofu, na katika sufuria la kibaraza changu nilichemsha na mimi. Lakini baada ya hofu kupita, watu waliacha ndimu kama waachavyo mwavuli baada ya masika, na hilo ndilo lililonisikitisha. Tunda hili halina kazi ya askari wa dharura. Hata kwa mafua ya kawaida, majaribio mengi yaliyokusanywa na kulinganishwa yameonyesha kwamba vitamini C haizuii watu wa kawaida kuyapata. Ila aitumiaye kila siku, kabla hajaugua, mafua yake hupungua muda kidogo, kadiri ya asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto, na aanzaye kuitumia baada ya kupiga chafya hana faida ya kutegemea. Chungwa humlipa mwenye kudumu nalo. Mwenye kulikimbilia humpa kiburudisho tu.

Lipo pia balungi, ambalo halifai kuchukuliwa kwa wepesi. Ndani yake, na ndani ya furungu na danzi, mna vitu vinavyokizuia chombo kimoja cha utumbo kinachopunguza nguvu za baadhi ya dawa, hata kidonge kimoja kikafanya kazi ya viwili au vitatu. Dawa kadhaa za shinikizo la damu zimo katika hesabu hiyo, na baadhi ya zile za kupunguza mafuta katika damu. Hata dawa mseto ya malaria huongezeka nguvu. Jirani yangu mmoja, mtu wa makamo, alisikia kwamba balungi hushusha presha, akawa analila kila asubuhi juu ya kidonge chake, mpaka siku moja akaanguka kwa kizunguzungu mlangoni pa kinyozi. Alipona, alhamdulillahi. Tangu hapo amehamia kwenye chungwa tamu, ambalo halina ugomvi huo, na balungi humpelekea mbuzi. Mwenye kumeza dawa kila siku na amuulize mfamasia wake kabla ya kuzoea tunda hilo; na mwenye meno yaliyokwisha kumomonyoka asiyasugue mara tu baada ya kula vitu vichachu, bali asukutue kwa maji kwanza.

Nimeahidi kuyarudia makapi. Ule utando mweupe, na vile viwambo vyembamba vinavyotenga kipande na kipande, ambavyo mimi na nusu ya Dar es Salaam tumekuwa tukivitema barabarani miaka yote hii, ndivyo vyenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za tunda, pamoja na pektini ileile ishikishayo jemu, ambayo huchelewesha sukari kuingia katika damu, hulainisha choo, na husaidia kupunguza lehemu mwilini. Humo ndimo pia yanamokaa mengi ya yale machungu yenye faida ambayo ulimi haukuyaomba. Nilipoyajua hayo nilimtazama kijana wangu kwa haya kidogo, kwa kuwa yeye, kwa kisu chake chembamba, alikuwa akiniachia utando ule kila siku kwa uangalifu, nami nikanyonya, nikautupa miguuni pake.

Siku hizi hulila lote, polepole, kipande baada ya kipande, na mbegu tu ndizo ninazotema. Mara ya kwanza alishangaa akaniuliza kama mzee leo ana njaa. Nilimweleza, akasikiliza kwa adabu, akasema kwao Muheza wakulima huubebesha mchungwa juu ya shina la mlimau, kwa kuwa mchungwa peke yake hauvumilii maradhi ya udongo. Mizizi michachu ndiyo inyonyayo ili matawi yazae utamu. Kisha alipokea malipo yake, ambayo katika Buguruni hii iliyopanda bei ya kila kitu bado hulipwa kwa sarafu, akaisukuma baiskeli kuelekea Malapa. Ndugu msomaji, ukikutana naye, muombe akumenyee moja, na makapi usiyateme.